Goti limechoka, pikipiki bado nzima: njia za kuifanya iwe ya miguu mitatu

Nilianguka nikiwa nimesimama. Ilikuwa Kibaigwa, kwenye kituo cha mafuta. Tangi la lita 25 lilikuwa limetoka kujazwa na mke wangu alikuwa tayari amepanda nyuma. Nikashusha mguu wa kushoto, kiatu kikakanyaga mchanga uliosambaa juu ya zege, goti likakataa. Honda Gold Wing ya mwaka 2006, karibu kilo 400 kabla hujaweka mtu, ikalala ubavu polepole huku nikiishikilia usukani kama mtu anayembembeleza ng'ombe asiketi. Hakuna aliyeumia. Vijana wanne wa bodaboda walikuja mbio wakainua, na mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, hili ni gari, si pikipiki. Litafutie tairi jingine."

Kauli hiyo ilinikaa kichwani miezi mingi. Kuiuza sikutaka. Nimeshaipeleka Iringa, Singida, Babati na Morogoro nikitokea hapa Dodoma, na nilikuwa na hamu ya kuendelea. Nikaanza kupima njia moja baada ya nyingine: kuuliza mafundi, kukaa juu ya vyombo vya watu, kupiga hesabu kwenye daftari. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwenye pikipiki kubwa ya safari ambaye mwili umeanza kumkatalia, anaishi kanda hii ya kati, na anataka kujua ashike njia ipi.

Kwanza ujue kinachokuuma

Watu husema "nataka miguu mitatu" kana kwamba ni dawa moja ya magonjwa yote. Gurudumu la tatu linatibu kitu kimoja vizuri sana: kusimama. Taa nyekundu, foleni, kituo cha mafuta, tuta unalolipanda kwa mwendo wa konokono, kugeuza kwenye mchanga, hayo yote yanakuwa mepesi. Kama shida yako ni goti, nyonga, au miguu mifupi isiyofika chini vizuri, uko mahali pake.

Kama shida ni kubadili gia, gurudumu la tatu halikusaidii kitu. Klachi bado ni ya mkono wa kushoto na gia bado ni ya mguu wa kushoto. Mimi goti langu linainua gia bila taabu, lisichoweza ni kubeba uzito. Mwenzangu ambaye kifundo cha mguu hakipindi alihitaji fundi wa kumtengenezea gia ya kukanyaga kwa kisigino, kazi ya siku moja, na pikipiki yake imebaki na miguu miwili hadi leo. Aliokoa fedha nyingi.

Na kama shida ni woga wa kona, tafadhali usiongeze gurudumu. Sababu zake ni hizi.

Utakachopoteza, njia yoyote utakayochagua

Rafiki yangu alikuja Dodoma kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa akiwa na ya miguu mitatu iliyogeuzwa. Tukaenda nje ya Ihumwa kwenye eneo la wazi, akaniachia. Nilikuwa na miaka zaidi ya 20 kwenye pikipiki, nikajiona najua.

Kwenye miguu miwili, ukitaka kwenda kushoto ukiwa kwenye 80, mkono wa kushoto unasukuma usukani mbele kidogo, pikipiki inalalia kushoto, nayo inaingia kona. Mwili unafanya hivyo bila kuuliza kichwa. Kwenye miguu mitatu nikasukuma mkono wa kushoto, chombo kikaelekea kulia. Nikasukuma zaidi, kikazidi kwenda kulia. Nilikuwa kwenye 25 tu na uwanja ulikuwa mtupu, lakini jasho lilinitoka. Chombo hiki hakilali. Unageuza usukani kuelekea unakokwenda, kama gari, na kwenye kona mwili wako unatupwa nje badala ya kukandamizwa kwenye kiti. Inabidi uegemee ndani wewe mwenyewe.

Pikipiki ya miguu miwili kwenye kona inazuiwa na tairi kuteleza. Ya miguu mitatu inaweza kupinduka kabla tairi haijateleza. Nilipiga hesabu kwa mfano rahisi. Weka matairi ya nyuma yaliyoachana sentimita 120, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya lami, theluthi moja ya urefu wa chombo kutoka ekseli ya nyuma. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, tairi la ndani litaanza kuacha lami kwenye kilomita 65 hivi kwa saa. Panga mizigo juu ya sanduku hadi kitovu kipande kufika sentimita 70, na kikomo kinashuka hadi kama 60. Ukishika breki ukiwa ndani ya kona hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu uzito unakimbilia mbele, upande ambao chombo kina gurudumu moja tu.

Sasa ifikirie barabara ya Iringa. Kutoka Dodoma hadi Mtera huna wasiwasi, imenyooka. Ukirudi kutoka Iringa unashuka milima ya Nyang'oro, kona juu ya kona, lori mbele, lori nyuma. Pale ndipo pikipiki yangu ilipokuwa ikinipa raha kuliko mahali pengine popote katika safari zangu. Kwenye miguu mitatu, Nyang'oro ni mahali pa kupunguza mwendo kabla ya kila kona, kuingia taratibu na kuongeza resi ukishaona mwisho wake. Raha ile imekwisha, na anayekuambia utaipata tena hajawahi kushuka pale.

Yapo na mengine madogo ambayo huwa makubwa barabarani. Usiweke mguu chini ukiwa kwenye mwendo, hata wa taratibu, maana tairi la nyuma liko pana na litaukanyaga. Ukisimama penye mteremko, gia peke yake haitoshi, breki ya mkono lazima iwepo. Shimo ulilokuwa ukilikwepa bila kufikiri sasa lina tairi tatu za kuchagua. Magurudumu ya nyuma yakipita pembeni, la mbele linaingia humo. Na kwenye njia za vumbi, kama ile inayoacha lami Kolo kwenda kwenye michoro ya miambani, magari yameacha mifereji miwili na tuta la mawe na majani katikati. Tairi za nyuma zinakaa kwenye mifereji, la mbele linapanda tuta. Miguu miwili ingechagua mfereji mmoja na kupita.

Upande wa faida, upepo wetu wa kiangazi, ule unaokusukuma ukipishana na basi eneo la wazi la Bahi, hautikisi chombo cha miguu mitatu kama ulivyotikisa cha miwili. Mke wangu alisema siku ya kwanza tu kwamba sasa anaweza kufungua chupa ya maji tukiwa tunakwenda.

Seti kamili ya kugeuza

Hii ndiyo njia ya wengi Marekani, ambako Gold Wing na Harley-Davidson zimegeuzwa kwa miongo kadhaa. Unaondoa mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma) na tairi lake, unafunga fremu mpya yenye ekseli, difu, breki mbili za diski, na bodi pana ya faiba yenye buti. Gold Wing inafaa sana kwa sababu haina cheni. Nguvu inapita kwenye shafti, na shafti inaingia kwenye difu kama kwenye gari. Pia ina rivasi ya umeme kutoka kiwandani, kitu ambacho kwenye chombo kizito cha miguu mitatu huwezi kuishi bila hicho.

Difu ndiyo moyo wa seti. Kwenye kona gurudumu la nje linatembea umbali mrefu kuliko la ndani. Bila difu, yote mawili yanalazimishwa mwendo mmoja, na chombo kinakataa kugeuka, kinasukuma moja kwa moja. Nitalirudia hili nikifika kwa fundi wa mtaani.

Seti ziko za aina mbili. Kuna zenye ekseli ya kipande kimoja, ambapo tairi moja likipanda tuta ekseli yote inainama, na zenye springi huru, kila tairi na yake. Kwa barabara zetu naipendelea ya springi huru bila kusita. Pita Gairo au Mbande uhesabu matuta na rasta: chombo cha ekseli moja kinakutikisa kiuno kushoto na kulia kila rasta inapopita, na mwenye mgongo wa miaka 58 anajua maana yake. Ya ekseli moja ina sifa yake, ni nyepesi kueleweka na fundi wa gari yeyote pale Kizota ataifungua. Kama unaishi mbali na mji, hilo nalo lina uzito.

Usikubali seti bila kubadili pembe ya shokapu za mbele. Gold Wing ya kizazi changu imetoka kiwandani na pembe ya nyuzi 29 na robo, na mkokoto wa milimita 109, yaani umbali kati ya pale mstari wa usukani unapoikuta lami na pale tairi linapogusa. Umbali huo huifanya pikipiki inyooke kwenye mwendo. Kwenye chombo kisicholala, umbali uleule unafanya usukani kuwa mzito kama wa lori la zamani. Vipande vya kubadili pembe huupunguza, mabega yakapona. Yule rafiki wa Arusha alikuwa hajafunga vipande hivyo. Alifika Dodoma akiwa hawezi kuinua mikono kuvua kofia ngumu, nilimvulia mimi.

Breki zinahitaji fundi mwenye kichwa kilichotulia. Breki za Gold Wing hii zimeunganishwa, pedali ya mguu inashika nyuma na mbele kwa pamoja. Anayekata bomba la nyuma na kulipeleka kwenye ekseli mpya bila kusoma maelekezo anavuruga na za mbele. Pikipiki mpya zaidi zenye ABS (breki zisizogandisha tairi) na vidhibiti vya kuteleza zina vihisio kwenye magurudumu, na ukiondoa gurudumu umeondoa na kihisio. Uliza mapema seti inashughulikia vipi jambo hilo.

Faida moja ambayo sikuitarajia ni tairi. Nyuma ya Gold Wing yangu kulikuwa na 180/60R16, tairi ambalo hapa Dodoma unaagiza na kusubiri. Seti inatumia tairi za gari za inchi 15, na hizo zinauzwa mji mzima. La mbele, 130/70R18, bado ni la kuagiza.

Gharama ndiyo inayoumiza. Seti ni maelfu ya dola kabla ya usafiri, na ni kreti kubwa, halafu kuna ushuru bandarini. Pata makadirio ya wakala wa forodha kabla hujalipa hata senti. Mafuta nayo yanapanda. Nilikuwa napata kilomita 16 kwa lita, sasa ni 13. Bado Dodoma hadi Iringa, kama kilomita 260, nafika kwa tangi moja na kubakiza.

Vigurudumu vya kusaidia pembeni

Hapa tairi lako la nyuma linabaki. Unafunga fremu ndogo chini, yenye gurudumu moja kila upande, kama vile vya baiskeli ya mtoto lakini vya chuma kizito na springi. Hukati chochote, huharibu chochote, na ukitaka kurudi miguu miwili unafungua boliti. Bei iko chini sana kuliko ya seti kamili, na kwa mtu ambaye goti lake linasubiri upasuaji na huenda likapona, ningesema aanzie hapa.

Lakini aliyevibuni alikuwa na barabara tambarare akilini. Nguvu ya injini bado inapita tairi la katikati. Pita mahali palipobonyea katikati, korongo dogo lililokatisha njia, au sehemu ambayo malori yameikandamiza lami ikawa na mabonde mawili na mgongo, nawe uko ndani ya bonde moja. Vigurudumu vya pembeni vinakaa juu ya kingo na kubeba uzito, tairi la katikati linabaki jepesi, na tairi jepesi linazunguka bure. Kwenye mvua za Januari hilo ni jambo la hatari, na kwenye mchanga utakwama ukiwa umekaa wima kabisa. Breki nayo inapungua kwa njia hiyohiyo, kwa sababu breki ya nyuma iko kwenye tairi lililopungukiwa uzito.

Na usidanganyike kwa kuwa ni vidogo. Chombo hakilali tena kwenye kona, na yote niliyosema kuhusu kupinduka yanahusika.

Kwa mtu anayezunguka mjini, kutoka Ilazo kwenda Area C, kwenda kanisani na kurudi, na mara moja moja Morogoro kwa lami, vinatosha. Kwa barabara zangu havikutosha.

Kigari cha pembeni

Nakiri nina mapenzi nacho. Kina sura ya zamani, mizigo inaingia, mjukuu anaingia, na makreti mawili ya zabibu za Hombolo yanaingia wakati wa msimu. Hata hivyo, hakuna chombo kigumu kujifunza kama hiki.

Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kigari kinakaa kushoto. Kinachouzwa Marekani au Ujerumani kimetengenezwa kwa ajili ya kulia, na huwezi kukigeuza tu kama soksi, maana mlango, gurudumu na vishikizo viko upande usiofaa. Tafuta cha Uingereza au nchi nyingine ya kushoto. Ukiongeza resi, chombo kinavutwa kushoto. Ukishika breki, kama kigari hakina breki yake, kinavutwa kulia, yaani kwenye njia ya basi linalokuja. Kona ya kushoto kigari kitupu kinainuka hewani. Waendeshaji wa zamani huweka mfuko wa mchanga ndani wanapokwenda bila abiria, na mimi naona ni busara.

Kufunga nako kuna ufundi. Gurudumu la kigari linaelekezwa ndani kidogo, pikipiki inaegemezwa nje kidogo, na vipimo vinarekebishwa baada ya kuendesha. Fremu ya Gold Wing yangu, ya cc 1800, ni ya aluminiamu. Huwezi kumwendea fundi wa kuchomelea mageti ukamwambia abandike vishikio vya chuma, havishikani. Inabidi fremu ndogo ya chuma inayofungwa kwa boliti kwenye sehemu zilizokubaliwa.

Kwa abiria mzima, kigari kiko chini sana. Mke wangu alikaa kwenye kimoja dakika tano, akatazama tairi za fuso zilizokuwa usawa wa uso wake, akasema, "Baba, hapa nitakula vumbi lote la Chamwino." Hoja ikaisha.

Fundi wa mtaani na ekseli ya guta

Hapa nataka kusema kwa heshima, kwa sababu mafundi wetu wanajua kazi. Nimeona fundi akiunda bodi ya bajaji iliyoharibika kabisa ikarudi barabarani. Pikipiki za cc 150 zinazogeuzwa kuwa guta la kubebea maji au matofali zinafanya kazi kila siku, na kwa mlemavu anayehitaji chombo cha mwendo mdogo mjini, fundi mzuri mwenye ekseli ya guta yenye difu anaweza kumbadilishia maisha. Injini ndogo, mwendo wa 40, mzigo unaojulikana: hiyo ni kazi inayowezekana.

Pikipiki kubwa ya safari ni habari nyingine. Injini ya cc 150 inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, usiofika nyutoni-mita 15. Gold Wing inatoa zaidi ya 160. Ekseli ya guta iliundwa kwa ile ya kwanza. Ukiifunga kwenye ya pili, meno ya difu au shafti za pembeni zitakatika siku utakayoongeza resi kulipita lori. Breki zake ni za ngoma, ndogo, zilizokusudiwa mwendo wa mjini.

Niliwahi kushuhudia kazi ya aina hiyo ikijaribiwa. Pikipiki ya 650, ya cheni, imefungwa ekseli nene ya kipande kimoja, haina difu, sproketi imechomelewa katikati. Kuchomelea kwenyewe kulikuwa kusafi, mshono umepangika kama magamba ya samaki. Mwenyewe akaondoka, akafika kwenye mzunguko wa kwanza, akageuza usukani. Tairi la mbele likageuka, chombo hakikugeuka. Kilikwenda mbele moja kwa moja huku tairi la mbele likikwaruza lami pembeni, likiacha mstari mweusi, hadi kikapanda ukingo. Alikuwa kwenye 20. Ningependa kila anayefikiria njia hii aone mstari ule mweusi kabla hajalipa.

Kuna kazi ambazo nilimpa fundi wa hapa na akazifanya vizuri kuliko nilivyotarajia: kukaza na kurekebisha vishikio vya bodi, kutengeneza kinga ya chuma chini ya difu dhidi ya mawe, na kuinua kidogo bomba la moshi ili lisikwaruze kwenye matuta. Mpe kazi anayoiona kwa macho. Jiometri ya usukani na nguvu za ekseli ziache kwa waliozipima.

Kununua iliyotoka kiwandani hivyo

Kwa ufupi. Harley-Davidson waliwahi kuunda Servi-Car ya miguu mitatu kuanzia mwaka 1932 hadi 1973, na kwa toleo la 2009 wakaleta Tri Glide. Can-Am Spyder ilitoka mwaka 2007 ikiwa na magurudumu mawili mbele. Mpangilio huo wa mbele ni salama zaidi ukishika breki kwenye kona, kwa sababu uzito unakimbilia upande mpana, na Spyder ina vidhibiti vya umeme vinavyopunguza nguvu chombo kikianza kuinuka. Kama fedha si tatizo na uko Dar es Salaam, ningekuelekeza huko. Kwa Dodoma inanisumbua mambo mawili: tumbo lake liko karibu sana na lami kwa matuta yetu, na vifaa vyake vya umeme vikigoma Manyoni, nani atavisoma?

Pia kuna zile za magurudumu mawili mbele zinazolala kwenye kona, kama Yamaha Niken ya mwaka 2018. Zinahifadhi raha ya Nyang'oro. Lakini soma vizuri: Niken haijifungi wima ikisimama. Inahitaji mguu wako kama pikipiki nyingine yoyote. Kwa mwenye goti bovu, ingemwangusha palepale Kibaigwa.

Karatasi

Fanya haya kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa. Kadi ya usajili inaeleza chombo kilivyo, na ukikibadilisha umbo unakuwa na chombo kisichofanana na kadi yake. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) na picha na maelezo ya seti, uliza utaratibu wa mabadiliko, na uwe tayari kwa ukaguzi wa askari wa usalama barabarani.

Leseni ndiyo iliyonishtua. Daraja A ni la pikipiki zenye injini zaidi ya cc 125, ziwe na kigari cha pembeni au bila. Vyombo vya magurudumu matatu au manne viko A2. Maana yake ni kwamba ukifunga kigari cha pembeni unabaki kwenye daraja lako la zamani, na ukifunga ekseli ya miguu mitatu unahitaji daraja jingine. Hiki ni kitu cha kuhesabu upande wa kigari, kwa haki yake. Bima nayo imeandikwa kwa chombo kilicho kwenye kadi. Waambie mapema, kwa maandishi, usubiri jibu la maandishi.

Nilivyoamua

Nilifunga seti kamili, springi huru, pembe ya mbele imebadilishwa. Ukiacha kununua mpya, ni njia ya gharama kubwa kuliko zote nilizopima, na kwa mwenye miguu mizima naona ni fedha iliyopotea, bora abaki na miguu miwili au anunue pikipiki nyepesi. Kama ningekuwa mtu wa mjini tu, ningefunga vigurudumu vya kusaidia. Kama nisingekuwa na mke anayependa kusafiri nami, huenda kigari cha pembeni kingeniteka moyo.

Nilijipa wiki tatu za kuendesha asubuhi, peke yangu, bila abiria, kabla ya kutoka nje ya mji: wiki ya kwanza uwanjani, ya pili barabara ya Kondoa hadi Mayamaya na kurudi, ya tatu ndipo nikaenda Kongwa. Nyang'oro niliiacha hadi mwezi wa nne. Niliishuka kwenye 40, malori mawili yakanipita, na sikuona aibu.

Kitu kimoja nilikisahau kwenye hesabu zangu zote. Mlango wa geti dogo nilikokuwa nikipitishia pikipiki una sentimita 95, na bodi mpya ina 135. Usiku ule wa kwanza chombo kililala nje kwa jirani, na asubuhi nikamwita fundi mwashi abomoe nguzo ya kushoto. Chukua futi kamba kabla hujaagiza.